ZANA ZA KALE ZA KUKATIA HESI: JINSI YA KUZITAMBUA NA KUKADIRIA UMRI WAKE

(Maneno ya hotuba iliyotolewa Kansay mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi walioko masomoni)



Niliombwa nizungumze habari za ufundi, kwa sharti kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweze kunifuata, na fundi mwenzangu aliyekaa kule nyuma asisinzie. Nimechagua zana za kukatia hesi, yaani tapu na dai, na hasa zile za zamani. Dai ninayoisema hapa si dai la mahakamani. Ni chombo cha chuma kinachokata meno ya bolti. Tapu ni ndugu yake, nayo hukata meno ndani ya tundu, kama vile ndani ya nati. Vitabu huyaita meno hayo hesi. Nitatumia maneno yote mawili, maana gerejini ukisema hesi utaulizwa unatafuta nini.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni mizani. Sote tumewaona wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita vijijini. Siwalaumu; hiyo ni kazi yao halali. Lakini mizani yao haiulizi kitu kilikuwa nini. Tapu ya pua njema iliyotengeneza mashine za watu kwa miaka themanini huwekwa pamoja na sufuria iliyotoboka, ikahesabiwa kwa kilo. Tukiiuza hivyo tunapata hasara mbili. Ya kwanza ni ya leo: zipo mashine za kusagia na pampu za maji ambazo bado zinatumia hesi za zamani, na siku bolti ikikatika ndipo tutakapoitafuta tapu ile. Ya pili ni ya historia: mafundi waliofanya kazi katika karakana za mashamba ya nchi hii hawakuandika vitabu. Zana zao ndizo daftari lao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunakaribia kupoteza mali na daftari kwa pamoja.

Zana hizi zilifikaje kwetu?

Ndugu Mwenyekiti, uhunzi si mgeni katika nchi hii. Wahunzi wa Kidatoga katika bonde la Ziwa Eyasi hufua vichwa vya mishale vya Wahadzabe kwa kutumia misumari, nao huyeyusha shaba wakatengeneza bangili. Lakini ufundi huo wa kale huunganisha vitu kwa kufua, kuchomeka na kupigilia. Hautumii hesi. Hesi ilifika huku bara pamoja na mashine.

Wakati wa utawala wa Wajerumani reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwapo tayari walowezi wa Kijerumani, ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf, waliofuga na kulima ndani ya kreta ya Ngorongoro. Baada ya vita hiyo Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, na mwaka 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930 ndipo mashamba ya kahawa ya Oldeani yalipofunguliwa, mengi yakiwa mikononi mwa Wajerumani. Reli nayo ilifika Arusha mwaka 1929. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Baadaye wakaja wenye mashamba wengine, na pamoja nao matrekta na Land Rover.

Baada ya Uhuru mlango ulifunguka upande mwingine. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Vifaa vya Kichina, vya Kirusi na vya Ulaya ya Mashariki viliingia katika karakana zilizokuwa na vifaa vya Kiingereza na vya Kijerumani. Kwa hiyo sanduku moja la fundi wa Karatu au Oldeani laweza kuwa na zana za tawala tatu na za nchi sita. Kutu imezifanya zote ziwe na rangi moja, na kutu haina kalenda. Ndiyo maana yatupasa kujua kuzisoma.

Maswali matatu

Zana ya kukatia hesi huulizwa maswali matatu. La kwanza: umbo lako ni lipi? La pili: unakata hesi ya namna gani? La tatu: umeandikwa nini? Atakayeuliza swali moja tu atadanganywa. Nimeweka vitu vitano pale mezani, nilivyoazimwa na wazee wa sehemu hizi. Tuvipitie kimoja kimoja.

Kitu cha kwanza ni kile kibamba bapa cha chuma chenye mkia wa kushikia, kilichotobolewa matundu mengi, kila moja dogo kuliko jirani yake. Hilo ni bamba la hesi, namna ya zamani kupita zote zilizopo mezani. Tazameni ndani ya matundu: hamna mifereji ya kutolea chembe za chuma. Maana yake ni kwamba bamba hili halikati sawasawa, linaminya. Chuma kinabanwa hadi kinainuka na kufanya meno, kama udongo unavyoinuka kati ya vidole. Namna hii ilitumika Ulaya karne nyingi kabla ya viwanda vikubwa. Lakini angalieni: mabamba madogo yaliendelea kutengenezwa kwa ajili ya mafundi saa hadi karne ya 20. Kwa hiyo umbo la kizamani halitoshi kuthibitisha umri wa kizamani.

Kitu cha pili ni mpini mrefu wenye mikono miwili, na katikati una dirisha ambamo dai imekaa vipande viwili vinavyotazamana. Pembeni ipo skrubu ya kuvisogeza. Hapa fundi alikata kidogo, akakaza skrubu, akarudia, hadi meno yakatimia. Namna hii ilienea sana katika karne ya 19. Dai ya mviringo iliyopasuliwa upande mmoja, ambayo ninyi vijana mnaiona madukani, ilikuja kushika nafasi yake katika kazi nyingi. Mpini huu una maandishi: Wiley & Russell, Greenfield, Mass., na kwenye dai yapo maandishi 1/2 na 13. Nitaurudia.

Kitu cha tatu ni tapu tatu za kipimo kimoja. Tazameni shingoni: moja ina mzingo mmoja uliochorwa, ya pili ina mizingo miwili, ya tatu haina kitu. Huo ndio utaratibu wa Kijerumani. Ya mzingo mmoja huanza kazi, ya mizingo miwili huendeleza, isiyo na mzingo humaliza. Katika utaratibu huu tapu mbili za kwanza ni nyembamba kuliko ya mwisho, hazikati kina chote. Seti ya Kiingereza nayo huwa na tapu tatu, lakini kwa kawaida zote zina unene mmoja. Zinatofautiana urefu wa ncha iliyochongoka tu. Tofauti hii ni kubwa kazini. Ukipoteza tapu ya mwisho ya Kiingereza, ya pili yaweza kukutosha kama tundu limetokea upande wa pili. Ukipoteza ya mwisho ya Kijerumani, nati yako haitaingia bolti hata uipake mafuta ya debe zima. Basi mkiokota tapu yenye mizingo, msiuze. Tafuteni ndugu zake kwanza.

Kitu cha nne ni mpini mzito wa kukatia mabomba ya maji. Huu nimeuleta kwa ajili ya vijana, nami nitaueleza mwisho.

Kitu cha tano ni tapu iliyoandikwa M12, na pembeni P18. Wengi hudhani hiyo P ni ya Kiingereza. Sivyo. Ni herufi ya Kirusi inayosomwa R, na P18 ni jina la pua ya Kirusi yenye takriban asilimia 18 ya tungsteni, pua ambayo hailainiki upesi hata ikipata moto kazini. Tapu ya Kichina ya pua ya namna hiyo huandikwa W18Cr4V. Huko Magharibi pua za aina hiyo huandikwa HSS.

Hesi zenyewe

Sasa swali la pili, nalo ndilo gumu. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 kila karakana Uingereza ilikata meno yake kwa kipimo chake. Bolti ya karakana moja haikuingia nati ya karakana nyingine. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, fundi wa Manchester, alipeleka pendekezo mbele ya chama cha wahandisi London. Hakubuni vipimo kichwani. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani. Pembe ya meno yake ni digrii 55, na vilele vyake vimeviringwa. Bolti ya robo inchi ilipata meno 20 kwa kila inchi, ya 3/8 meno 16, ya nusu inchi meno 12, ya inchi moja meno 8.

Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia, Marekani, alipendekeza pembe ya digrii 60, na vilele bapa ambavyo ni rahisi kuvitengeneza. Mwaka 1884 Waingereza wakapendekeza hesi ndogo za BA kwa vyombo vyembamba na baadaye vya umeme. Hizo hupimwa kwa milimita ingawa ni za Kiingereza. Mwaka 1898 mkutano wa Zurich ulikubali hesi ya milimita kwa nchi za Ulaya. Mwaka 1908 ikaja BSF, yaani hesi nyembamba ya Kiingereza, kwa ajili ya mashine zinazotikisika: nusu inchi meno 16 badala ya 12. Mwaka 1948 Marekani, Kanada na Uingereza zikapatana juu ya hesi moja ya inchi yenye digrii 60, ndiyo UNC na UNF. Na mwaka 1965 shirika la viwango la Uingereza likawaambia wenye viwanda waiache Whitworth, BSF na BA, washike milimita.

Miaka hii ishikeni, maana ndiyo kalenda yetu. Chombo hakiwezi kuzaliwa kabla ya jina lake. Tapu iliyoandikwa BSF haikutengenezwa kabla ya mwaka 1908. Iliyoandikwa UNC haikutengenezwa kabla ya kuzaliwa UNC mwaka 1948. Za Kimarekani zina ngazi tatu: USS kwa kawaida ni jina la zamani zaidi, NC ni la kuanzia miaka ya 1920, UNC ni la baada ya mapatano. Lakini kalenda hii hufunga mlango upande mmoja tu. Inakuambia chombo hakikutengenezwa kabla ya mwaka fulani. Haikuambii kwamba hakikutengenezwa muda mrefu baadaye. Tapu za Whitworth zinauzwa madukani hata leo.

Hapa kuna mtego ambao ni wetu hasa. Mtu akiona hesi ya Whitworth kwenye mashine ya shamba la zamani, husema, "Hii ni mali ya Mwingereza." Si lazima. Viwanda vya Ujerumani vilitumia sana hesi ya Whitworth, kwa inchi, hata baada ya mkutano wa Zurich. Na Wajerumani walipoweka viwango vyao vya taifa baada ya mwaka 1917, Whitworth ilipewa namba yake, DIN 11. Kwa hiyo mashine ya Kijerumani ya wakati wa ukoloni, au ya mlowezi wa Oldeani, yaweza kuwa na meno ya Kiingereza mwili mzima. Hesi hukuambia kipimo. Haikuambii uraia.

Kupima bila vyombo vya gharama

Wanafunzi wataniuliza: tutapimaje nasi hatuna geji ya meno? Mnayo rula, na mnayo karatasi. Kandamiza meno ya tapu juu ya karatasi laini hadi alama zionekane. Hesabu nafasi kumi, si vilele kumi. Nafasi kumi zina vilele kumi na kimoja. Pima urefu wake kwa milimita. Ukipata milimita 12.5, kila jino lina nafasi ya milimita 1.25, na hiyo ni hesi ya kawaida ya M8. Ukipata kama milimita 21.2, hayo ni meno 12 kwa inchi, yaani nusu inchi ya Whitworth. Ukipata milimita 19.5, hayo ni meno 13, yaani nusu inchi ya Kimarekani.

Tofauti ya 12 na 13 yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoua nati nyingi. Nati ya Kimarekani huipokea bolti ya Kiingereza mizunguko miwili au mitatu, kisha hukaza. Mwenye haraka huongeza bomba kwenye spana, na hapo meno yote huliwa. Ubaya zaidi ni vipimo vingine. Robo inchi, 3/8, 5/8, robo tatu na inchi moja, Whitworth na Sellers zina idadi ileile ya meno. Tofauti kubwa ni pembe, 55 kwa 60. Bolti huingia, nawe hufurahi. Lakini meno hayakukaliana vizuri, na katika mashine inayotikisika kama kinu cha kusagia, bolti hiyo italegea siku ambayo hakuna fundi. Kwa hiyo msihesabu tu; shikeni tapu na bolti mbavu kwa mbavu, mzielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipita kati ya meno, hizo si ndugu.

Nitaje mifano michache mnayoijua. Injini za Lister aina ya CS, ambazo zilianza kuuzwa takriban mwaka 1930 kutoka Dursley, Uingereza, na kuendesha vinu vingi vya Afrika Mashariki, zina hesi za Whitworth na BSF. Land Rover za kwanza, za mwaka 1948 na miaka iliyofuata, zina bolti nyingi za BSF; za baadaye ziliingia UNF, na mara nyingine gari moja lina zote mbili. Matrekta ya Massey Ferguson 135, ya kuanzia mwaka 1964, yana UNC na UNF. Magari ya Kijapani yanayowapeleka watalii Ngorongoro ni milimita. Fundi mwenye sanduku moja la milimita hawezi kuwatibu wote hao.

Maandishi

Swali la tatu ni maandishi. Mara nyingi yamefutika. Msipige msasa wala gurudumu la kunolea, maana mtafuta na kidogo kilichobaki. Osheni kwa mafuta ya taa na mswaki, kausheni, kisha wekeni karatasi nyembamba juu yake mkasugue na penseli. Herufi zitatokea, kama sarafu inavyotokea.

Maandishi ya nchi husaidia sana. D.R.P. ni hataza ya Dola ya Ujerumani, iliyotumika kuanzia mwaka 1877 hadi 1945. D.R.G.M. ni usajili mdogo wa Kijerumani ulioanza mwaka 1891, nao ukaishia 1945. Alama hizo kwenye tapu ya Oldeani zatuambia ni umbo la kabla au la wakati wa vita ya pili. Chombo kilichoandikwa West Germany au Western Germany ni cha baada ya 1949 na kabla ya nchi hizo kuungana mwaka 1990. Czechoslovakia ni kati ya 1918 na 1992. USSR haikuwako baada ya 1991. Na HSS haiwezi kuwa ya kabla ya mwisho wa karne ya 19, maana pua hiyo ilipatikana Marekani katika majaribio ya Taylor na White, ikaonyeshwa Paris mwaka 1900.

Sasa turudi kwenye mpini wetu wa pili. Umbo lake lasema karne ya 19 au mwanzo wa 20. Hesi yake, nusu inchi meno 13, yasema Marekani, baada ya Sellers wa mwaka 1864. Maandishi yasema Wiley & Russell wa Greenfield; na kampuni hiyo iliungana na jirani yake Wells Brothers mwaka 1912, ikawa Greenfield Tap and Die. Kwa hiyo mpini huu, yaelekea sana, ulitengenezwa kabla ya 1912 au karibu na mwaka huo. Mashahidi watatu wamekubaliana, nasi tunaweza kutoa hukumu. Lakini hukumu hiyo ni ya kuzaliwa kwake Massachusetts. Siku ulipofika huku, na mikono iliyoutumia, havikuandikwa juu ya chuma. Hayo yamo vichwani mwa wazee, na wazee hawangoji.

Nitoe tahadhari moja. Si kila kitu kibovu ni cha kale. Fundi asiye na tapu aweza kuchukua bolti ya pua, akaipiga tupa pande nne, akaipasha moto na kuizamisha kwenye mafuta, akapata tapu. Nyingine hutengenezwa kwa tupa iliyokwisha, na ukitazama ubavuni utaona mistari ya tupa bado ipo. Katika miaka ya shida ya vipuri, baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ujuzi wa namna hiyo ulikuwa na thamani kubwa. Chombo kama hicho hakina umri mkubwa, lakini kwangu mimi kina heshima kuliko cha dukani. Nacho kiandikwe, na jina la aliyekitengeneza liandikwe.

Tufanye nini?

Ndugu Mwenyekiti, wengine watasema serikali ndiyo ilinde vitu vya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini mstari wake mkuu kwa vitu vya namna hii ni mwaka 1863. Karibu kila kilichoko mezani hapa ni cha baada ya hapo. Sheria haitakuja kusimama mlangoni mwa karakana zetu. Tutasimama wenyewe au pasiwe na mtu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa zamani mwenye sanduku la baba au la babu asiuze tapu wala dai kabla haijapimwa na kuandikwa. Pili, shule ifungue daftari moja la kawaida, lenye safu sita: kitu, umbo, kipimo cha meno, maandishi, kilikotoka, na habari alizotoa mzee aliyekitumia. Wanafunzi wa sayansi wapime. Wanafunzi wa historia waulize. Tatu, zana za kale zipakwe mafuta na kuwekwa kabatini, na kazi za kila siku zifanywe kwa zana mpya. Lakini siku kinu cha Lister kitakapokwama, fundi afungue kabati, atumie kinachofaa na kurudisha. Chombo kilichohifadhiwa si maiti.

Namaliza na kitu cha nne, ule mpini wa mabomba. Vijana, huu si wa makumbusho. Pembe ya meno yake ni digrii 55, ileile ya mwaka 1841. Bomba la nusu inchi na la robo tatu hukatwa meno 14 kwa inchi. La inchi moja na kuendelea, meno 11. Wala msishangae mkipima bomba la nusu inchi mkapata karibu milimita 21 kwa nje. Jina la nusu inchi lilitokana na tundu lake la ndani. Hivyo ndivyo yalivyo mabomba ya chuma tunayofungia maji Tanzania nzima. Uingereza iliiacha Whitworth katika bolti, lakini katika mabomba imebaki hai, na dunia ya milimita imeikubali.

Hapa Kansay maji tunayajua thamani yake. Mwanafunzi anayeweza kutofautisha meno 14 ya digrii 55 na meno 14 ya Kimarekani ya digrii 60 ataokoa kiungo kisivuje, na debe la maji lisipotee usiku kucha. Huo ndio mtihani ninaowaachia. Kesho asubuhi nendeni kwenye bomba la shule na rula yenu, mpime, mwandike jibu katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo jipya.